Kondo lililoota kwenye kovu: kisa cha mama wa mimba ya nne

Gari liliingia getini saa tisa na nusu usiku. Mama alikuwa amelazwa ubavu wa kushoto, dripu mbili zinatiririka, moja kila mkono, na kanga aliyofungwa kiunoni imelowa damu mpaka jina lake halisomeki. Hakuwa na uchungu. Hilo ndilo alilolirudia kila alipoulizwa: "Siumwi popote, dokta. Nimeamka kwenda haja ndogo, nikaona damu inachuruzika miguuni."

Umri wake miaka 32, mimba ya nne, wiki 31. Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike, na mahali napataja kwa ujumla tu: mikoa ya kusini mwa Tanzania, msimu wa korosho, barabara kavu. Nakiandika kwa ajili ya wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, kwa madaktari vijana wanaoshika zamu peke yao, na kwa akina mama waliowahi kujifungua kwa upasuaji. Kila kilichohitajika ili tatizo lake lijulikane mapema kilikuwa kimeshaandikwa. Kiliandikwa kwenye karatasi mbili tofauti, na hakuna aliyeziweka pamoja.

Nianze na nesi mkunga wa zahanati alikotoka, kwa sababu mama huyu asingefika kwetu akiwa anaongea bila yeye. Alikuwa peke yake zamu. Aliweka njia mbili za dripu kwa sindano kubwa, akapiga 115, namba ya bure ya usafiri wa dharura wa m-mama, na akajizuia kufanya jambo ambalo mikono ya mkunga imezoea kulifanya kabla ya lingine lolote: hakupima njia. Kwenye barua ya rufaa aliandika kwa herufi kubwa, "KOVU 2. DAMU BILA UCHUNGU. SIJAPIMA NJIA."

Mstari huo ni wa thamani. Kondo la nyuma likiwa limetangulia na kuziba mlango wa kizazi, kidole kinachoingia kupima njia kinalipasua kondo lenyewe, na damu iliyokuwa ya kikombe inakuwa ya ndoo. Mjamzito anayetoka damu mimba ikiwa kubwa hapimwi njia kwa kidole mpaka picha imeonyesha kondo liko wapi. Ukiwa zahanati isiyo na ultrasaundi, maana yake humpimi kabisa. Unaweka dripu, unaita gari, unaandika ulichokiona.

Tulimpokea na presha 100/60, mapigo ya moyo 108, hemoglobini, yaani kiwango cha damu, 8.4. Moyo wa mtoto ulikuwa unapiga vizuri. Kufikia alfajiri damu ilikuwa imepungua na kubaki matone. Tukampima kundi, tukamwongezea chupa mbili za damu, tukaketi na karatasi zake.

Karatasi mbili

Ya kwanza ni kadi yake ya kliniki. Amehudhuria tangu mwezi wa nne, amepewa vidonge vya damu na dawa ya malaria, amepimwa kila linalopimwa. Kwenye historia ya uzazi pameandikwa: 2015 upasuaji, 2018 upasuaji, 2021 mimba iliharibika miezi mitatu, akasafishwa. Pembeni pamewekwa alama ya hatari na neno moja, "kovu", na ushauri kwamba ajifungulie hospitali. Kwa kadi, ni kadi nzuri.

Ya pili ni majibu ya ultrasaundi aliyopiga mjini akiwa na wiki 21, kwa hela yake mwenyewe. Karatasi imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Ilisema mtoto ni mmoja, moyo unapiga, maji ya kutosha, kondo liko mbele na chini, limefika kwenye mlango wa kizazi. Na mwisho: jinsia, ya kike. Nyumbani walilisoma neno la mwisho, wakafurahi. Kliniki aliionyesha karatasi, akaambiwa mtoto yuko salama, ikarudi kwenye mkoba.

Sasa ziweke sambamba. Ya kwanza inasema kuna makovu mawili, na kovu la upasuaji wa kawaida liko sehemu ya chini ya kizazi, upande wa mbele, nyuma tu ya kibofu cha mkojo. Ya pili inasema kondo liko chini, upande wa mbele. Ni mahali palepale. Kondo lilikuwa limekaa juu ya kovu, na taarifa hiyo ilikuwamo ndani ya mkoba wa mama kwa wiki kumi.

Simlaumu mtu kwa jina, na sidhani kulikuwa na uzembe. Aliyeshika kadi alifundishwa kuogopa kovu kwa sababu moja, kwamba linaweza kupasuka wakati wa uchungu, na kinga yake ni kumwelekeza mama hospitali. Aliyepiga picha alifundishwa kwamba kondo lililo chini wiki ya 20 mara nyingi hupanda kadiri kizazi kinavyokua, na ni kweli, kwa wengi hupanda. Lakini kwa mwenye kovu, kondo la mbele lililo chini halisubiriwi lipande lenyewe. Picha inarudiwa, na wiki ya 32 ndiyo ya kuchelewa kabisa, tena na mtu anayejua anachokitafuta.

Nilichokiona kwenye kioo

Asubuhi nilimwomba anywe maji ili kibofu kijae kiasi. Kibofu chenye maji kinaonekana cheusi kwenye picha, na weusi huo ndio dirisha letu. Kwa kawaida, kati ya kibofu na kizazi unaona mstari mweupe, mwembamba, ulionyooka kama ukingo wa karatasi. Nyuma ya kondo, kati yake na msuli wa kizazi, unaona mstari mwingine, mweusi, ambao ndio mpaka: hapa kondo, hapa mama.

Kwake mstari mweusi haukuwapo. Nilisogeza kifaa kulia, kushoto, nikapunguza mkandamizo, kwa sababu ukikandamiza sana unaweza kuufuta mwenyewe. Haukuwapo. Mstari mweupe wa kibofu ulikuwa umekatika sehemu mbili. Ndani ya kondo kulikuwa na mapango meusi yasiyo na umbo, makubwa kwa madogo, kama ubao ulioliwa na mchwa, na ndani ya mapango hayo damu ilikuwa ikizunguka, unaiona kwa macho. Nilipowasha rangi za Doppler, zinazoonyesha damu inapopita, mishipa ilivuka kutoka kwenye kondo kwenda ukuta wa kibofu. Msuli wa kizazi mahali pale nilijaribu kuupima, nikashindwa kuupata.

Mama alikuwa ananitazama usoni. Wagonjwa hawaangalii kioo, wanatuangalia sisi. Nikamwambia mtoto anacheza vizuri, ila nimeona jambo kwenye kondo, nitakaa na wewe na mumeo nilieleze lote.

Jambo lenyewe wataalamu wanaliita akreta. Kizazi kisicho na jeraha kina utando wa ndani ambao kila mimba hutengenezwa upya. Kondo linajishika kwenye utando huo na kuishia hapo, na baada ya mtoto kutoka, linaachana nao kwa urahisi. Juu ya kovu utando huo ni hafifu au haupo. Kondo likitua pale halikuti kizuizi, linaota kuingia kwenye msuli, pengine linaupita mpaka nje. Likishika juu juu ni akreta, likizama kwenye msuli ni inkreta, likitokeza upande wa pili, hadi kwenye kibofu, ni pakreta. Nchini kwetu nani hajaona nyumba ya mawe ya pwani, au magofu ya Kilwa, yenye mti ulioota kwenye ufa wa ukuta? Mti huo ukiuvuta hautoki peke yake. Unatoka na ukuta.

Kuna sababu ya pili inayofanya mahali pale pawe pa hatari. Nyuzi za msuli wa kizazi zimepishana kama ukili wa mkeka, na mishipa ya damu inapita katikati yake. Mtoto akitoka, kizazi kinanywea, nyuzi zinajibana, mishipa inafungwa bila mtu kuigusa. Ndivyo Mungu alivyotuwekea. Kwenye kovu hakuna nyuzi za kubana, na chini karibu na mlango wa kizazi ni chache hata kwa asiye na kovu. Kwa hiyo sindano ya oksitosini, tunayoitegemea kila siku, hapo haina cha kukinywesha.

Tatizo hili lilikuwa nadra. Mwaka 1937 Irving na Hertig wa Boston walipoandika juu yake kwa kina, lilionekana ni la kitabuni. Limeongezeka pamoja na upasuaji. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2006, wa wanawake zaidi ya 30,000 katika hospitali 19, ulitoa namba ambazo kila mkunga angepaswa kuzibandika ukutani. Kwa mwanamke ambaye kondo limetangulia, kama hajawahi kupasuliwa, uwezekano wa kondo kuota ndani ulikuwa asilimia 3. Mwenye upasuaji mmoja nyuma yake, asilimia 11. Wawili, asilimia 40. Watatu, asilimia 61. Na kondo lisipotangulia, hatari inabaki chini ya asilimia 1 hata kwa mwenye makovu matatu. Yaani kovu peke yake si la kutisha, na kondo la chini peke yake lina utaratibu wake unaojulikana. Vikikutana viwili ndipo namba zinaruka. Mama huyu, kabla hata sijamwekea kifaa tumboni, alikuwa na asilimia 40, na kusafishwa kwa mwaka 2021 kulikuwa kumeongeza jeraha jingine.

Upasuaji umeongezeka kwetu kwa sababu njema pia. Vituo vya afya vingi vimewekewa vyumba vya upasuaji, na takwimu za taifa zinaonyesha vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015-16 hadi 104 katika ule wa 2022. Akina mama wengi wako hai kwa sababu ya kisu. Wengi wao pia watarudi na mimba nyingine juu ya makovu hayo.

Mazungumzo ya chumba cha sista

Mume alifika siku ya pili, ameacha korosho kwa wadogo zake. Alikuja na mama yake. Sista mkuu wa wodi alitupa chumba chake, akaweka viti vinne.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Tuambie, mtoto ni mzima?"

Nikasema mtoto ni mzima. Nikachukua karatasi nikachora kizazi kama kibuyu kilichogeuzwa, mdomo chini, nikachora kovu, nikachora kondo juu yake na mizizi inayoingia. Nikawaambia kwamba mtoto atazaliwa kwa upasuaji kabla ya miezi yake kutimia, na kwamba baada ya mtoto kutoka hatutalivuta kondo. Tutakiondoa kizazi pamoja na kondo likiwa ndani yake.

Kimya kikapita. Mama mkwe ndiye aliyekivunja.

"Mwanangu, mtu mwenye watoto wawili mnamtoaje kizazi? Kama huyu wa tatu… Mungu apishe mbali. Hamna dawa?"

Sikumwona mkorofi na wala simwoni leo. Anatoka mahali ambapo mwanamke anahesabiwa kwa watoto, na alikuwa anamtetea mkaza mwanawe kwa njia anayoijua. Nilimweleza kwamba njia nyingine zipo, na sikutaka kuzificha. Kuna kuliacha kondo ndani, ukakata kitovu karibu nalo, ukafunga tumbo, ukasubiri mwili ulinyonye kwa wiki na miezi. Inawezekana kwa anayeishi karibu na hospitali yenye damu wakati wote, kwa sababu katika kipindi hicho anaweza kupata maambukizi au kutoka damu ghafla usiku wowote. Huyu alishaanza kutoka damu, na nyumbani kwao ni mbali. Kuna pia kukata kipande cha ukuta kilichoshikwa na kushona kinachobaki. Hiyo inataka kondo liwe limeshika eneo dogo na mikono iliyofanya kazi hiyo mara nyingi. Kwake lilishika eneo pana.

Mume aliuliza swali moja tu: "Na mkimtoa kizazi, atabaki kuwa mwanamke?" Nikamjibu kwamba viwanda vya mayai tutaviacha, mwili wake hautazeeka ghafla, tendo la ndoa litarudi akipona. Hatapata hedhi, hatabeba mimba. Mengine yote atabaki alivyo.

Wote walikuwa wakimtazama yeye, na mimi pia, kwa sababu mwenye kutia sahihi ni yeye. Alikuwa amekaa na kanga begani, mikono juu ya tumbo.

"Mama," alimwambia mkwewe, taratibu kabisa, "mimi nataka niwakute wale wawili."

Akaomba kalamu.

Kungoja kwa mpango

Wasiomjua mgonjwa wa namna hii wanadhani kazi ni siku ya upasuaji. Kazi kubwa ni wiki za kabla. Hatukumruhusu kurudi nyumbani. Alipata deksamethazoni miligramu 6 kila saa 12, sindano nne, kukomaza mapafu ya mtoto, na madini ya chuma kwa mshipa. Tulipanga upasuaji wiki ya 35, mchana, siku ya kazi. Miongozo ya Marekani na Uingereza inatofautiana kidogo kuhusu wiki, lakini zote zinaanguka kati ya 34 na 37 kasoro siku moja, kwa hoja ileile: kila wiki ya ziada inamnufaisha mtoto, na inaongeza nafasi ya mama kuanza kumwaga damu usiku wa manane.

Damu ndiyo iliyonikosesha usingizi. Tulitaka chupa sita zilizopimwa na kulinganishwa naye, zimeandikwa jina lake, pamoja na plazma, yale maji ya damu yanayoisaidia kuganda. Damu haiuzwi, inachangiwa, na benki ya hospitali haijai yenyewe. Mume alirudi kijijini, na Jumamosi likaja gari aina ya Noah limejaa vijana wa korosho, vidole vyao bado vina weusi wa mafuta ya ganda. Walichangia wote waliofaa. Mmoja aliyekataliwa kwa upungufu wa damu alikasirika kweli, akataka apimwe tena.

Tulikaa pia na mtaalamu wa usingizi, daktari wa upasuaji wa kawaida atakayesimama pembeni kwa ajili ya kibofu, sista wa thieta na wa watoto wachanga. Tukaandika karatasi moja ya mpango, ikabandikwa kwenye faili na ukutani: nani aitwe, damu iko friji gani, wapi pakatwe, na kwa wino mwekundu, KONDO LISIGUSWE.

Siku tatu kabla ya tarehe, saa kumi na moja alfajiri, damu ilianza tena. Wiki 34 na siku 4. Sikuwa zamu. Aliyekuwa zamu ni daktari ambaye hakuwahi kumfanyia upasuaji mgonjwa wa aina hii. Aliisoma karatasi ya ukutani, akapiga simu zote kwa mpangilio wake. Nilipofika, damu ilikuwa imeshatolewa kwenye friji.

Mezani

Alipewa usingizi kamili. Tulichana tumbo kwa wima, kutoka chini ya kitovu na kupita kidogo juu yake, si mkato wa chini uliojificha ambao akina mama wanaupenda.

Kizazi kilipojitokeza, tulisimama kidogo. Sehemu yake ya chini ilikuwa imevimba na kuwa ya bluu iliyokoza, rangi ya bilinganya, na mishipa minene kama kidole cha mtoto ilipita juu yake kuelekea kibofuni. Ukuta ulikuwa mwembamba kiasi kwamba kondo lilionekana kwa ndani. Ukiliona hilo mara moja hulisahau.

Tulipanda juu, mbali kabisa na kondo, tukafungua kizazi kwenye paji lake, yaani sehemu yake ya juu kabisa. Mtoto wa kike, kilo 2.3, akalia kabla hajakabidhiwa. Kitovu kikakatwa, kikafungwa, kikarudishwa ndani, na tundu tulilolifungua tukalishona. Hapo ndipo palipo mtihani wa kazi hii. Maisha yote umefundishwa kwamba mtoto akitoka, kondo linafuata. Mkono unakwenda wenyewe. Sista wa thieta, bila kuulizwa, alisema kwa sauti, "Kondo halitoki." Nikasema, "Halitoki." Tukaendelea na kutoa kizazi.

Kukitenganisha kibofu kulichukua muda kuliko mambo mengine yote, kwa sababu makovu mawili ya zamani yalikuwa yamekigandisha. Kilipasuka kama sentimita mbili. Mwenzangu alikishona tabaka mbili, na mpira wa mkojo ukaachwa kwa siku kumi na nne. Damu iliyopotea tuliikadiria lita 2.2. Alipata gramu moja ya asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu kutoka, ambayo Shirika la Afya Duniani linaelekeza itolewe ndani ya saa tatu tangu damu ya uzazi ianze, na chupa tano kati ya sita. Saa tatu kasoro baada ya kuanza, alikuwa anapumua mwenyewe. Patholojia, maabara iliyokipima kizazi kilichotolewa, ilirudisha jibu wiki kadhaa baadaye: inkreta, kondo limezama katikati ya msuli.

Lita 2.2 ni nyingi. Lakini fikiria mama huyuhuyu, damu ileile, kama angefika mezani bila picha wala mpango. Daktari kijana anachana chini kama kawaida. Kisu kinapita katikati ya kondo. Anamtoa mtoto, anavuta kondo, linatoka vipande vipande, na nyuma yake kila mshipa umebaki wazi. Mimba ikiwa kubwa, damu inayopita kwenye kizazi ni mililita kama 500 hadi 700 kila dakika, na mwili mzima wa mama una lita kama 5 hadi 6. Hesabu dakika. Nilikuwa mwanafunzi wa mazoezi nilipoziona dakika hizo mara ya kwanza, nimeshika taa na baadaye nimeshika mfuko wa damu, naukamua kwa mikono yote miwili. Mfuko ulikuwa mmoja. Yule mama hakuamka, na mpaka leo nikipita karibu na thieta ya namna ile nasikia sauti ya mashine ya kufyonza.

Ikitokea ukafungua tumbo bila kutarajia ukakuta ile rangi ya bilinganya, na mama hatoki damu, na mtoto yuko salama, usikate kizazi. Funika kwa vitambaa vyenye maji ya chumvi ya uvuguvugu, omba msaada, omba damu. Ukiwa kituo kidogo, unaweza hata kufunga tumbo na kumpeleka rufaa mimba ikiwa ndani. Inaonekana kama kushindwa mbele ya ndugu wanaosubiri nje. Fanya hivyo hivyo.

Wiki ya sita

Alirudi siku aliyopangiwa, mtoto mgongoni, ametoka kwenye matunzo ya kangaruu, ya kubebwa kifuani ngozi kwa ngozi, na sasa ana mashavu. Mkojo unatoka vizuri, kidonda kimefunga. Nilimuuliza habari za kulala, kwa sababu akina mama wanaotolewa kizazi mara nyingi hulia usiku na hawasemi. Akasema alilia wiki mbili, na mkwewe ndiye aliyekuwa anakaa naye.

Halafu akatoa kwenye mkoba kadi mbili kuukuu, za 2015 na 2018, alizokuwa amezihifadhi na vyeti vya kuzaliwa. "Dokta, ule upasuaji wa kwanza ulikuwa wa lazima?"

Nilizisoma. Wa pili ulifanyika kwa sababu ya wa kwanza. Wa kwanza, mimba ya kwanza, pameandikwa: uchungu hauendelei, njia sentimita 4, mtoto salama. Nilimjibu kwa ukweli ninaoujua. Kwa vigezo vya wakati ule, mlango wa kizazi ukifunguka sentimita 4 ilihesabiwa ni uchungu uliokwisha kukolea, na aliyempasua alifuata alichofundishwa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisogeza mstari huo hadi 5, kwa kuwa wanawake wengi, hasa wa mimba ya kwanza, huenda polepole kabla ya hapo na bado hujifungua salama. Kama angekuja leo, mama na mtoto wakiwa wazima, tungemwacha atembee, anywe chai, tusubiri. Kwamba angejifungua mwenyewe, hilo siwezi kumwapia.

Hakuonyesha hasira. Aliipanga kadi moja juu ya nyingine.

"Mdogo wangu ana mimba ya kwanza, miezi saba. Niandikie hiyo namba tano."

Nikachukua karatasi ya dawa, nyuma yake nikaandika kwamba upasuaji kwa sababu tu njia ni sentimita 4 na haiendelei unafaa kuulizwa mara mbili, kama mama na mtoto wote wako salama, na kwamba damu ikitoka au mtoto akichoka, asisubiri namba yoyote. Akaisoma mpaka mwisho, akaifunga kwenye pindo la kanga, akamweka mtoto vizuri mgongoni, akatoka kuwahi basi la saa nane.